Maalim, waliozama walikosa nini?

Mwezi huu barua nyingi mlizotuma ni za bahari na upepo, nafikiri kwa sababu kusi limeshaanza na kila mtu huku visiwani ana mtu wake majini. Nimechukua tatu. Ya kwanza nimeipa nafasi kubwa, wengine mtanisamehe.

SWALI: Asalam alaykum Maalim. Mie mama wa watoto watatu nakaa Wete, Pemba. Mume wangu mvuvi, saa nyengine anakwenda dago, kambi za wavuvi, wiki tatu mpaka nne. Mama yangu mdogo alikuwemo kwenye ile meli ya 2011, MV Spice Islander, iliyozama Nungwi na mpaka leo hatujui kaburi lake. Sasa wiki ilopita kwenye grupu letu la WhatsApp mtu kaweka klipu ya ustadhi anasema meli ile ilizama kwa maasi ya watu, eti walikua wametoka kwenye sikukuu na miziki na uchafu wao ndo Mungu akawashika. Nililia usiku mzima. Mama mdogo hakua akiacha sala, alikwenda Unguja kumuuguza mwanawe tu. Tokea siku hio mume wangu akitoka mie silali, nasoma nyiradi zote nnazozijua, Ayatul Kursi, Qul huwallahu, alafu najiambia na mama mdogo nae alikua akisoma hizi hizi. Sasa nasoma nini? Na kama ile ilikua adhabu, mimi nna dhambi zangu Maalim, Mungu atanichukulia mume wangu kwa dhambi zangu? Nae mwenyewe akiniona nna khofu ananambia imani yangu ndogo.

JIBU: Waalaykum salaam dada yangu. Nianze na mama yako mdogo kabla ya kuja kwako wewe, maana naona hapo ndo panapouma. Mungu amrehemu, amrehemu sana.

Kwenye hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w.) kawataja mashahidi watano: aliekufa kwa tauni, aliekufa kwa maradhi ya tumbo, aliezama majini, alieangukiwa na kifusi, na aliekufa katika njia ya Mwenyezi Mungu. Aliezama yumo humo humo, safu moja na wa jihadi. Sasa Muislamu ambae Mtume kamuweka safu ile, mie na wewe na huyo wa kwenye klipu tunapata wapi mdomo wa kusema kaadhibiwa?

Mimi ile Jumamosi ya tarehe 10 Septemba 2011, siku meli ilipozama, nilikuwepo viwanja vya Maisara, Unguja mjini. Maiti zilikua zinaletwa pale watu waje watambue jamaa zao, nami nilimsindikiza jirani yangu alokua hana khabari za mkwewe. Palikua na mwanamke kafunikwa shuka tokea juu, iliobaki nje ni miguu tu, na miguu ina hina ya sikukuu, haijapauka hata kidogo, maana Idi ilikua haijatimiza wiki mbili. Mzee mmoja alisimama mbele ya ile miguu muda mrefu. Hakufunua shuka. Akasema, "Ndie huyu, hina hii kapakwa na dada yake, nilikuwepo." Alafu akakaa chini palepale kwenye majani.

Dada yangu, mtu aliesimama pale siku ile hawezi kurikodi klipu ile. Hawezi.

Sisemi kwamba adhabu ya Mwenyezi Mungu haipo. Ipo, na Qur-ani imewataja waliopata, watu wa Nuhu, kina Aad waliopelekewa upepo, Firauni na jeshi lake ambao nao walizama baharini. Lakini hao tumejua khabari zao kwa sababu Mwenye kuadhibu katwambia Mwenyewe. Meli ya 2011 hakuna alieteremshiwa aya. Alipokufa Ibrahim mtoto mchanga wa Mtume, siku hio hio jua likapatwa, watu wakaanza kusema limepatwa kwa ajili ya msiba wa Mtume, na ungefikiri pale ndo pa kunyamaza, msiba ni wake na maneno yenyewe yanampa heshima. Hakunyamaza. Akasimama akawaambia jua na mwezi ni alama mbili katika alama za Mungu, havipatwi kwa kufa mtu wala kwa kuzaliwa mtu. Na ikiwa kwa mtoto wa Mtume hairuhusiwi kusoma mbingu namna hio, kwa mama yako mdogo itaruhusiwa vipi?

Alafu angalia waliokufa kwa maafa katika watu bora. Mwaka wa 18 Hijria, ndo 639, ilipiga tauni Sham, nchi za upande wa Syria na Palestina, inaitwa tauni ya Amwas. Ikamchukua Abu Ubayda, mmoja wa wale kumi waliobashiriwa Pepo. Ikamchukua Muadh bin Jabal. Hawa walikosa nini? Bi Aisha alimuuliza Mtume kuhusu tauni, akamjibu kwamba ilikua adhabu Mungu akiipeleka kwa anaowataka, alafu akaifanya rehema kwa walioamini. Yaani maradhi yale yale, na nyumba mbili za jirani, huku adhabu na huku rehema, na wewe uliopo nje mlangoni huna uwezo wa kujua ipi ni ipi.

Sasa kama huyo ustadhi anataka lazima tuzungumze dhambi za meli ile basi na tuzungumze, mie siogopi. Ripoti ya tume ilotoka Januari 2012 ilieleza kwamba abiria walikua zaidi ya 2,000 kwenye meli ya kuchukua 600 na kitu. Maiti zilizopatikana ni 200 na kidogo, wasiopatikana zaidi ya elfu moja ndo hao kama mama yako mdogo, bahari ndo kaburi lao. Suratul Anfal aya ya 25 Mwenyezi Mungu anatuonya tujikinge na fitna ambayo haitawapata waliodhulumu peke yao. Mie aya hii nikiisoma naiona Malindi bandarini usiku ule, watu wanapandishwa na magunia yanapandishwa, wapo waliosema jamani imejaa, wapo walioteremka, na wapo wenye dhamana waliosema twende tu, Mungu yupo. Hio ndo dhambi ninayoiona mimi kwenye meli ile, na haikufanywa na mwanamke alietoka kumuuguza mwanawe. Huyo ustadhi akiyasema haya msikitini nitamshukuru. Haujapita hata mwaka, 18 Julai 2012, siku chache kabla ya Ramadhani, MV Skagit nayo ikazama karibu na Chumbe ikitokea Dar, upepo mkali. Tukalia tena na tukasema kazi ya Mungu tena. Ni kazi ya Mungu ndio, hakuna kinachotoka nje ya kudra yake, ila neno hili tumelifanya kawa la kufunikia chungu kilichoungua, na aliekiunguza yupo jikoni.

Nije kwako sasa. Mume wako anakwambia imani yako ndogo kwa sababu unaogopa. Mwambie Maalim kasema hapana. Bi Aisha anasimulia kwamba Mtume akiona wingu au upepo ilikua inajulikana usoni pake, anaingia anatoka, anakwenda anarudi, mvua ikinyesha ndo anatulia. Akamuuliza, watu wakiona wingu wanafurahi kwa kutaraji mvua, mbona wewe naona uso unabadilika? Akamwambia ewe Aisha, kipi cha kunipa amani kwamba hamna adhabu humo, kuna watu waliona adhabu wakasema wingu hili la kutunyeshea mvua. Huyo ni Mtume wa Mwenyezi Mungu. Khofu yako ya usiku hio imetangulia kwake, na dawa alioifanya ni dua, upepo ukivuma alikua akimuomba Mungu kheri yake na kheri ya ilivyokuja navyo, na kujikinga na shari yake, na alikua akikataza watu wasiutukane upepo. Watu wa pwani tuna tabia ya kulitukana kusi, tuache.

Na nyiradi je, kama mama mdogo alisoma na akazama? Hili ndo swali lako kubwa na nakushukuru umeliuliza wazi, watu wengi wanalo kifuani. Kuna nyiradi ile ya asubuhi na jioni, Bismillahil-ladhi la yadhurru maa-smihi shay-un, mara tatu, kwamba alieisoma hakitomdhuru kitu. Ilipokewa na Aban mtoto wa Sayyidna Uthman kutoka kwa baba yake. Aban mwenyewe akaja akapooza upande mmoja. Mtu mmoja aliekua amesikia hadithi hio kutoka kwake akawa anamtazama tu. Aban akamwambia unanitazamia nini, wallahi sikumzulia baba yangu uongo wala baba yangu hakumzulia Mtume, lakini siku nilopatwa nilighadhibika nikasahau kuisoma, ili Mungu apitishe alichokwisha kukikadiria. Mimi kisa hiki nakipenda kwa sababu ya yule mtu anaetazama. Ni sisi. Tunamtazama aliepatwa tunatafuta kasoro ya dua yake, na yule aliepatwa ndie anaetufundisha, hakuitupa dua na hakumlaumu Mungu.

Hifadhi ya Mungu haimaanishi mwili huu hautaguswa, kwani utaguswa tu, kwa bahari au kwa presha au kwa uzee. Nyiradi unasoma ili uwe mikononi mwake wakati wowote kitakapokuja kilichoandikwa, na saa nyengine kwa ile dua yako kitu kikageuzwa na wewe wala hukujua kama kilikua kinakuja, mashua imechelewa kwa plagi ya injini na wewe ukanuna. Mama mdogo nae alisoma na akalindwa, ila sisi tuliobaki ufukweni tunatazama maji, tunaona kilichochukuliwa na hatuoni kilichopokelewa.

Hapa lakini na mume wako anisikilize, kwa sababu kumtegemea Mungu kuna miguu miwili. Sayyidna Umar alipokua anakwenda Sham akafika pahala panaitwa Sargh akaambiwa mbele kuna tauni ile, akashauriana na watu akaamua kurudi. Abu Ubayda akamwambia, unaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu? Akamjibu ndio, tunaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu tunakwenda kwenye kadari ya Mwenyezi Mungu. Akampa mfano wa mtu mwenye ngamia kateremka bonde lina pande mbili, moja majani moja pakavu, akilisha penye majani ni kadari na akilisha pakavu ni kadari. Na Nabii Yaqub alisema Mungu ndie mbora wa kuhifadhi, aya ya 64 ya Suratu Yusuf, haziendi hata aya tatu mbele anawaambia wanawe msiingie kwa mlango mmoja, ingieni kwa milango mbalimbali, na mimi siwafai kitu mbele ya Mwenyezi Mungu. Yote mawili kayasema mzee mmoja kwa pumzi moja.

Kwa hio mume wako laifu jaketi anayo? Namuuliza kwa heshima, maana nawajua wavuvi wetu, anayo imening'inizwa ukutani nyumbani, ati inabana mikono wakati wa kuvuta nyavu. Aichukue. Kabla ya kutoka asikilize utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, na wakisema mawimbi makubwa siku hio ashone nyavu. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipokua kinakuja boti za Dar zikasimamishwa, watu wakanung'unika bandarini, nauli imelipwa, harusi zinasubiri, alafu kimbunga kikafifia upande wa Mafia, wakasema mmeona, kelele za bure. Mie nilisema Alhamdulillahi kwa yote mawili, kwa kufifia kile kimbunga na kwa zile boti kukaa gatini. Katika miaka yote nilioishi ile ndo nimeona tumemfunga ngamia kwanza ndo tukasema tawakkaltu ala-llah, kama Mtume alivyomfundisha yule bedui, mfunge ngamia wako kisha umtegemee Mungu.

Kuhusu kuchukuliwa mume kwa dhambi zako, hapana. Suratul An-aam aya ya 164, hakuna nafsi inayobeba mzigo wa mwengine. Dhambi zako tubia kwa sababu ni zako, usimtwishe mume kwenye ngarawa. Na huyo unaemuogopa usiku mbona unamjua kwa upande mmoja tu? Waliletwa mateka Madina, kati yao mwanamke anatafuta mtoto wake anakwenda huku na huku, akimuona mtoto anamshika anamkumbatia anamnyonyesha. Mtume akawauliza masahaba, mnaona huyu anaweza kumtia mwanawe motoni? Wakasema hawezi wallahi na yeye ana uwezo wa kutomtia. Akawaambia Mungu ni mwenye kuwahurumia waja wake kuliko huyu kwa mwanawe. Wewe una watatu, unajua uzito wa maneno hayo kuliko mimi.

Lala dada yangu. Soma Ayatul Kursi yako ulale, Suratul Anfal pia aya ya 33 imesema Mungu hakua mwenye kuwaadhibu na hali wanaomba msamaha, basi sema Astaghfirullah mpaka usingizi ukuchukue. Na mama mdogo msomeeni khitma, kaburi halihitajiki kwa dua kufika.

SWALI: Maalim mimi mwanafunzi wa kidato cha nne Chake Chake, Pemba. Babu anatwambia kimbunga cha zamani kilivunja mikarafuu yote Unguja lakini Pemba hakikugusa kwa sababu ya uchamungu wa wazee wetu na Unguja walikua wameshaharibika. Ni kweli?

JIBU: Babu yako mpe salamu zangu. Kimbunga ni kweli, tarehe 15 Aprili 1872, mikarafuu ya Unguja kiasi cha thuluthi mbili ikaangushwa na majahazi bandarini yakavunjika, Pemba ikapona karibu yote. Kabla yake karafuu nyingi zilikua zikitoka Unguja, baada yake Pemba ndo ikashika usukani na mpaka leo msimu ukifika harufu ya majamvi ya karafuu yalioanikwa barabarani ni ya kwenu sio ya kwetu.

Lakini hilo la uchamungu, mwanangu, nakuomba usome Suratul Fajr aya ya 15 na 16. Mtu akipewa neema anasema Mola wangu kanitukuza, akibaniwa riziki anasema Mola wangu kanidhalilisha, na jibu linalofuata ni neno moja, Kallaa. Sivyo. Alafu inaendelea, bali nyinyi hamumkirimu yatima. Sasa mikarafuu hio iliyopona na mengine ilopandwa baadae ilichumwa na nani? Na watumwa. Soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa 1873, mwaka mmoja tu baada ya kimbunga, lakini utumwa wenyewe ukaendelea kutambulika kisheria Unguja na Pemba mpaka 1897. Miaka 25 Pemba imepewa rehema ya Mungu mkononi na rehema hio ikapanda mlimani juu ya migongo ya watu walioibiwa kwao. Wazee wetu wema walikuwepo, sikatai hata kidogo, masheikh wakubwa Pemba imezaa. Ila kunusurika ni mtihani kama kupatwa, na wenye mashamba wengi wa wakati ule mtihani huo hawakuupita, na sisi wajukuu tunaosifia kunusurika bila kutaja nani alikua juu ya mti tunaurudia. Muulize babu, kwa adabu, kama anajua majina ya watu waliochuma shamba la mababu zake. Kama anajua hata moja, waombeeni dua.

SWALI: Mtoto wangu wa miaka mitano ana homa siku ya nne. Tumemnywesha kombe, maji yalooshewa aya za Qur-ani, mara mbili. Bibi yake anasema kumkimbiza hospitali ni kukosa kumtegemea Mungu na kwamba tutubie kwanza kuna kitu tumemkosea Mungu. Nimeacha namba ya simu. Baba wa mtoto, Makunduchi.

JIBU: Hii sikungoja toleo litoke, nilipiga ile namba siku ile ile nilopokea barua. Nikaomba niongee na bibi mwenyewe. Nikamwambia bibi, kombe sikukatazi, aya za Mungu hazimdhuru mtoto, na toba tutubie sote kila siku, lakini Mtume kasema Mungu hakuteremsha maradhi ila kateremsha na dawa yake, sasa kombe tumeshanywa, dawa nyengine alioiteremsha Mungu ipo kituo cha afya, tutamwambia nini tukiiacha? Akanyamaza kidogo alafu akauliza, na nikienda nae mie mwenyewe nikamsomea njiani? Nikamwambia ndo vizuri zaidi.

Kapimwa, malaria. Kapewa dawa ya siku tatu na homa ilishuka siku ya pili. Baba yake kanambia barabarani dereva wa daladala alizima redio bila kuambiwa, kwa sababu bibi alikua kampakata mtoto kiti cha mbele anamsomea Yaasin kwa sauti mpaka mlangoni kwa daktari.